Supachaja au Tabo: Mazungumzo Juu ya Kuishindilia Injini Hewa



Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wenye motokaa wengi wanauliza, na si hao tu, bali hata wale ambao bado wanaweka akiba ya kununulia. Mtu huonyeshwa motokaa mbili zilizokwisha kutumika, bei yake moja, na zote mbili zapendeza machoni. Moja imeandikwa Kompressor kwa nyuma, na ya pili imeandikwa Turbo. Muuzaji humwambia kwamba zote zina nguvu kupita ukubwa wa injini zake. Hayo ni kweli. Lakini nguvu hizo hazipatikani kwa njia moja, wala gharama yake hailipwi kwa njia moja, na mtu asiyejua tofauti huenda akatoa akiba ya miaka mitatu kwa kitu kisichofaa njia anayopita kila siku.

Na tuanze na hewa, maana bila hiyo hayo mengine hayaeleweki. Watu wengi hufikiri kwamba chakula cha injini ni petroli. Petroli ni kitoweo tu. Chakula chenyewe ni hewa. Ili ratili moja ya petroli iungue sawasawa, zatakiwa ratili kama 15 za hewa. Lita moja ya petroli, ambayo mtoto aweza kuichukua katika chupa, humaliza hewa lita kama 9,000. Kumimina petroli zaidi ndani ya injini ni kazi rahisi, pampu ndogo yatosha. Kazi ngumu ni kuingiza hewa ya kuiunguza. Injini ya kawaida huvuta hewa kama sisi tuvutavyo pumzi: pistoni hushuka, nafasi hupatikana juu yake, na hewa ya nje huingia kwa msukumo wake yenyewe. Zaidi ya hapo haiingii. Ndipo wahandisi walipowaza: hewa ikishindiliwa, kama pamba ishindiliwavyo katika robota, je, haitaingia nyingi zaidi katika nafasi ile ile?

Hapa sisi wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kusikiliza kuliko wengine. Hewa ya Mombasa na hewa ya Nairobi si moja. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari, na huko hewa imepungua uzito kadiri ya sehemu moja katika sita. Ukipanda mpaka Timboroa, palipo zaidi ya mita 2,700, imepungua karibu robo nzima. Basi motokaa isiyo na chombo cha kushindilia, ikiwa ina nguvu za farasi 100 pale Mombasa, ikifika Timboroa imebaki na 75 hivi, ingawa mwenyewe amezilipia zote 100. Dereva hulaumu petroli, kisha humlaumu fundi, na wakati mwingine humlaumu utingo kwa kupakia mizigo mingi. Kumbe farasi 25 wamebaki chini, pwani.

Vyombo vya kushindilia hewa viko viwili, na kilichotangulia kwa umri ni supachaja. Asili yake haikuwa motokaa. Mwaka 1860 ndugu wawili Wamarekani wa ukoo wa Roots, wa mji wa Connersville katika Indiana, walipata hati ya kulinda uvumbuzi wao wa mtambo wa kusukuma hewa: magurudumu mawili, kila moja lenye umbo la tarakimu 8, yanayozunguka ubavu kwa ubavu ndani ya sanduku la chuma bila kugusana. Mtambo huo ulitumika kupuliza tanuri za kuyeyushia chuma na kupeleka hewa migodini. Mwaka 1921 kampuni ya Daimler ilionyesha mjini Berlin motokaa za Mercedes zenye kipulizio cha namna hiyo, na neno Kompressor mnaloliona barabarani limetokana na kazi ile.

Supachaja hufungwa kwenye injini na kuzungushwa na injini yenyewe, aghalabu kwa mkanda utokao kwenye mhimili wake mkuu. Injini ikienda mbio, nayo yaenda mbio; injini ikipunguza, nayo yapunguza. Hakuna kungojana. Ukikanyaga mafuta kutoka pale ulipokuwa umesimama, hewa iliyoshindiliwa ipo tayari, na gari laondoka kwa utii kama lililokuwa likisubiri kuambiwa. Mwenye kuendesha mjini, penye kusimama na kuondoka mara mia kwa siku, huona raha kubwa.

Lakini ni nani anayelipa? Ni injini ile ile. Hebu tuchukue mfano wa mkulima aliyeajiri mtu wa kumwagilia maji shamba lake, na ujira wake ni magunia ya mavuno. Mavuno yameongezeka, ndiyo, lakini si yote yanayofika ghalani. Supachaja hupewa ujira wake kwanza, kutoka katika nguvu za injini, na mwenye gari huendesha kwa kilichobaki. Ndiyo maana katika motokaa za Mercedes za miaka ya 1920 kipulizio kilikuwa na klachi yake: hakikushika kazi mpaka dereva akandamize pedali ya mafuta hadi sakafuni, na hapo kililia kwa sauti kali iliyosikika mbali. Kilikuwa msaada wa dakika chache, si wa safari nzima.

Katika Uingereza jambo hilo lilizua mabishano ambayo bado yanakumbukwa. Henry Birkin, mwendesha mashindano, alitaka motokaa ya Bentley ya lita nne na nusu ifungwe supachaja. W. O. Bentley, aliyeiunda, hakupenda hata kidogo. Yeye aliona kwamba mtu akitaka nguvu zaidi, ni afadhali atengeneze injini kubwa zaidi. Birkin alipata fedha kwa watu wengine, akafunga supachaja yake mbele ya rediata, na nguvu zikapanda kutoka farasi 110 hata kufikia 175 katika magari ya kuuzwa. Mwaka 1930 walikutana katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Bentley za supachaja zilikimbia sana, kisha zikaharibika kabla ya mwisho. Mercedes ya supachaja iliyokuwa ikishindana nazo, nayo iliharibika. Zilizomaliza, ya kwanza na ya pili, ni Bentley kubwa za lita sita na nusu, zisizo na kipulizio cho chote. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba katika habari hii Bentley alikuwa na haki kwa siku ile, lakini si kwa miaka yote iliyofuata. Maana hakukijua chombo cha pili jinsi kitakavyokuja kuwa.

Chombo hicho cha pili ni tabochaja, ambayo mafundi kwa mkato huiita tabo. Ilibuniwa na Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, mwaka 1905. Yeye alitazama mahali ambapo wengine waliona uchafu tu, yaani moshi. Katika kila shilingi tatu za joto tunazonunua kwa petroli, kama shilingi moja hutoka nje katika bomba la moshi, haikufanya kazi yo yote. Büchi akaweka gurudumu dogo lenye mapanga katika njia ya moshi, ili moshi unapotoka ulizungushe, kama maji yazungushavyo kinu. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mtaimbo mfupi na gurudumu la pili, na hili la pili huvuta hewa safi na kuishindilia katika injini. Basi hapa mwagiliaji halipwi kwa magunia ya mavuno. Analipwa kwa makapi yaliyokuwa yatupwe. Sisemi kwamba ni bure kabisa, maana moshi ukiwekewa kizuizi injini huusukuma kwa taabu kidogo. Lakini hesabu yake ni nafuu mbali na ya supachaja. Katika miaka ya 1920 Büchi mwenyewe alisimamia kufungwa kwa tabo katika injini za dizeli za meli mbili za abiria za Kijerumani, na nguvu za injini zilipanda kutoka kilowati 1,300 hadi 1,860.

Na habari za milima? Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa General Electric, aliichukua injini ya eropleni iliyoitwa Liberty, akaipandisha kwa lori mpaka kilele cha Pikes Peak katika Colorado, kimo cha zaidi ya mita 4,300. Injini ile ilikuwa na nguvu za farasi kama 350 mahali pa chini. Kule kileleni, bila tabo, ilitoa kama 230 tu. Alipoifungulia tabo, ilirudi katika nguvu zake za kwanza na kuzidi kidogo. Mlima ule ulikuwa badala ya anga, kwa kuwa eropleni nazo zilipata shida ile ile inayoyapata malori yetu Timboroa.

Je, supachaja haiwezi kufanya hivyo? Yaweza kwa sehemu, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini cha uchaguzi. Supachaja ya mkanda huzidisha hewa kwa kipimo kisichobadilika. Tuseme yazidisha mara moja na nusu. Mombasa, penye msukumo wa hewa tuuitao 100, itatoa 150. Timboroa, ambako msukumo wa hewa ni 72 hivi, itatoa 108. Imesaidia, lakini imeshuka pamoja na mlima. Tabo ina kilango kidogo ambacho hufunguka na kuupitisha moshi pembeni, ili gurudumu lisizidi mbio. Ukipanda juu, kilango hicho chaweza kubaki kimefungwa zaidi. Gurudumu huongeza mwendo, na hewa iingiayo injini hukaribia kipimo kile cha pwani, maadamu tabo si ndogo mno na mwendo wake haujafika mwisho. Na mwendo huo si mchezo: magurudumu haya huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja.

Ubaya wa tabo unajulikana. Injini ikiwa katika mwendo mdogo moshi ni haba, na gurudumu halijapata kasi. Dereva akikanyaga mafuta, huhesabu moja, mbili, ndipo nguvu zije, na labda zije zote pamoja wakati amekwisha kufika kwenye kona. Katika tabo za zamani jambo hili lilikuwa la hatari. Tabo za siku hizi ni ndogo na nyepesi, na nyingine zina mapanga yanayojigeuza kufuata wingi wa moshi, hata dereva wa kawaida haoni kuchelewa sana.

Mashindano makubwa ya vyombo hivi viwili yalifanyika mwaka 1983, katika mbio za magari za dunia. Lancia wa Italia walileta motokaa iitwayo 037, ya supachaja, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Walichagua supachaja kwa sababu ya utii wake: katika njia za milimani zenye kona juu ya kona, dereva alihitaji nguvu saa ile ile aliyoitaka. Audi wa Ujerumani walikuwa na Quattro, ya tabo, inayosukumwa na magurudumu yote manne. Mwaka ulipokwisha Lancia walikuwa na pointi 118 na Audi 116. Hata hivyo taji la udereva lilikwenda kwa Hannu Mikkola wa Audi. Na wasikilizaji wa Kenya watapenda kukumbuka kwamba katika mbio za Safari za mwaka ule mshindi alikuwa Ari Vatanen kwa Opel Ascona 400, gari lisilo na supachaja wala tabo, na Audi mbili zikamfuata nyuma. Lakini miaka mitatu iliyofuata, 1984 hadi 1986, Safari ilichukuliwa na Toyota Celica ya tabo mfululizo.

Lancia wenyewe mwishoni mwa 1985 walitoa gari jingine, Delta S4, lenye vyombo vyote viwili: supachaja kwa mwendo mdogo, na tabo kwa mwendo mkubwa. Likashinda mbio zake za kwanza, huko Uingereza. Volkswagen nao walifanya vivyo hivyo mwaka 2005 katika Golf GT ya watu wa kawaida. Ni ufundi wa kusifiwa, lakini kwa mtu atakayetengenezewa gari lake chini ya mwembe sishauri. Mikanda, klachi, mabomba na vilango ni vingi mno.

Sasa turudi kwa yule mwenye motokaa mbili machoni. Kama aishi pwani, na safari zake ni za mjini, ile ya supachaja itamfaa vema. Atazame mkanda, asikilize kama bearingi zinalia, aulize oili ya chombo chenyewe, basi. Kama makao yake ni ya juu, au husafiri mara kwa mara kati ya pwani na bara akiwa na mzigo, achukue ya tabo. Hata Mercedes-Benz, waliofanya kazi na supachaja kwa muda mrefu kuliko wengi, katika injini yao ndogo ya silinda nne waliiacha supachaja na kuweka tabo mwaka 2009, kwa sababu ya hesabu ile ya ujira na petroli.

Lakini wako wengine, na hao ndio wanaonitia wasiwasi. Ni wale wenye injini isiyo na cho chote, wanaotaka kuifunga tabo iliyotolewa katika gari jingine. Bwana mmoja wa Molo, anayechukua viazi kwenda Nakuru na kurudi na mbolea, ana Land Cruiser yenye injini ya dizeli iitwayo 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Gari hilo ndilo karo ya watoto wake wanne. Alikuja kuniuliza, akiwa tayari amekwisha kupatana bei ya tabo kuukuu.

Nilimwomba atazame walivyofanya Toyota wenyewe. Walipotaka injini ya ukubwa ule ule yenye tabo, hawakuchukua 1HZ na kuifunga tabo juu yake. Waliunda 1HD-T, yenye kichwa kingine, pistoni nyingine, na namna nyingine ya kupuliza dizeli; na mshindilio wake wa ndani ya silinda waliupunguza. Kwa nini? Kwa sababu hewa iliyoshindiliwa hupata joto. Hewa iliyoingia ikiwa na joto la digrii 30, ikizidishwa mara moja na nusu tu, yaweza kutoka ikiwa na zaidi ya digrii 80. Na ndani ya silinda pistoni huishindilia tena. Katika injini ya petroli mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na injini hugonga. Katika dizeli fundi huongeza mafuta ili nguvu zionekane, moshi huwa moto kupita kiasi, pistoni huyeyuka ukingoni, na kichwa hupasuka. Pasipo kipoozea hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, ni vibaya zaidi.

Hata hivyo sikumwambia asifanye kamwe. Molo ni kama mita 2,500, na pale juu injini yake inapewa mafuta ya pwani kwa hewa ya mlimani. Ndiyo sababu hutoa moshi mweusi akipanda. Tabo yenye msukumo mdogo, ya kurudishia hewa iliyopungua tu, bila kugusa skrubu ya mafuta kwenye pampu, haimdhulumu injini wake. Itampunguzia moshi na kumpandisha kilima kwa gia moja juu zaidi. Masharti niliyompa ni kipimajoto katika bomba la moshi, na fundi aliyewahi kufunga tabo katika injini ya namna ile ile na ambaye gari alilolifunga bado latembea, aende akaliangalie kwa macho yake. Kuhusu ile tabo kuukuu, nilimwambia aushike mtaimbo wake kwa vidole na kuutikisa. Ukicheza kwenda na kurudi, au mapanga yakiwa yamekwaruza nyumba yake, asiichukue hata kwa bei ya chuma chakavu.

Limebaki neno moja juu ya utunzaji, kwa wale waliokwisha kununua. Mtaimbo wa tabo hauelei juu ya kitu kingine ila utando mwembamba wa oili, na upande mmoja wake umekaa katika moshi ambao katika injini za petroli waweza kupita digrii 900. Mafundi hucheka na kusema kwamba tabo yenye oili chafu ni taabu, na katika mzaha huo hakuna uongo. Oili ibadilishwe kwa wakati wake, iwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala si ile ya kupimiwa kwenye debe. Asubuhi, usiikimbize injini kabla haijapata joto. Na ukimaliza kupanda kilima kirefu na mzigo, usizime papo hapo kwa kuwa umeona kibanda cha chai. Iache izunguke polepole dakika moja au mbili, oili ipite na kulichukua lile joto, ndipo uzime.

Na moshi ukianza kuwa wa buluu, peleka gari kwa fundi siku ile ile. Tabo iliyokufa hutupa oili yake ndani ya njia ya hewa, na injini ya dizeli yaweza kuunguza oili hiyo badala ya mafuta, ikakimbia yenyewe bila kusikia ufunguo. Likikupata hilo, kama gari lina gia za mkono, tia gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, na uiachie klachi mpaka injini izimike.

Kwaherini.